Jibu: Kukagua diski ya seva kwa Python
Ndugu yangu, umeuliza utumie maktaba gani nyepesi ya Python kukagua diski ya seva ya ofisi yenu huko Gulu. Mimi ningechagua nagiosplugin, maktaba ya kuandikia vikaguzi vya Nagios (programu inayofuatilia hali ya seva), kwa kuwa inakuachia kazi ya kupima tu, kisha yenyewe inalinganisha kipimo na mipaka uliyoiweka na kurudisha namba: 0 ni salama, 1 tahadhari, 2 hatari, 3 haijulikani. Kipimo cha nafasi ya diski utakipata kwa shutil.disk_usage("/"), iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3. Tafadhali usiipuuze ile 3. Weka @nagiosplugin.guarded juu ya main, yaani kitendakazi kikuu cha programu yako, ili hitilafu yoyote isiyotarajiwa irudishe 3, kwani ukaguzi ulioshindwa kuisoma diski haustahili kamwe kuripoti kwamba mambo ni shwari.