Laptop hazitoki, ninunue hisa za wayalesi?

SWALI: Shikamoo Ami. Mi nauza simu na laptop za mtumba hapa Mwembe Tayari, siku hizi laptop zinakula vumbi tu, kila mteja aulizia simu ama ruta ya wifi. Nna akiba kidogo, nikimbilie hisa za kampuni za wayalesi, hizi za simu na wifi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho unayo, ila kujua watu wataka nini si kujua hisa gani italipa. Ona Cisco, walouza mitambo ya intaneti, na intaneti kweli ikaenea dunia nzima, lakini alonunua hisa zake Machi 2000 bei iko karibu dola 80, kufika 2002 keshapoteza zaidi ya asilimia 80, maana bei ilishabeba matumaini yote. Intel nao, watengenezaji wa chipu, walitamba kwenye kompyuta za nyumbani, simu zikawapita, 2019 wakakubali kuiuzia Apple kitengo cha modemu za simu (chipu za kuunganisha simu na mtandao) kwa dola bilioni 1. Na laptop usizizike mapema, korona ilipofungia watu ndani 2020 zilikwenda kama maandazi ya asubuhi, 2022 mauzo yakaporomoka.

Kwetu Safaricom iliingia soko la hisa 2008 kwa shilingi 5, kisha ikashuka chini ya hapo, wenye haraka wakauza kwa hasara (haraka zetu hizi!). Ukitaka, fungua akaunti ya CDS (ya kuhifadhia hisa) kwa wakala mwenye leseni ya CMA, wasimamizi wa soko la hisa. Hisa za Marekani nazo zina mzigo wa dola kupanda na kushuka. Ila pesa ya kununulia bidhaa za duka usiiguse kabisa.