Volti 12 tu? Mambo ya kuchaji kapasita kubwa, kwa wale mnaanza

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu hapa Kondele, Kisumu, huwa wanaogopa stima ya ukutani, na ni vizuri waogope, lakini ukiwapatia kapasita (kifaa cha kuweka chaji ya umeme na kuiachilia kwa mpigo, ukubwa wake hupimwa kwa faradi) ya faradi moja, ile ya mfumo wa sauti ya matatu, wanaibeba kama chupa ya soda juu wameskia ni volti 12 tu. Kwa hivyo somo langu la kwanza huwa hapo.

Ni kweli volti 12 kwa mkono mkavu haitakurusha. Shida ni ampea. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea na kapasita ikiwa tupu haikatai kitu, inavuta yote kwa mpigo, yaani kwa macho ya betri ni kama umechukua waya nyekundu na nyeusi ukazigusanisha. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga moja hivyo tu, bila kitu chochote katikati, cheche ikaruka, ncha ya waya ikayeyuka ikashikana na terminali na fyuzi ikaenda. Nilikuwa nimevaa pete siku hiyo na kila nikikumbuka namshukuru Mungu, juu pete ikishoti pale inageuka moto mwekundu kabla hujaweza kuitoa kidoleni. Tangu hapo pete, bangili na saa ya chuma zinatoka kwanza, ndio ushike spana.

Dawa yenyewe ni rahisi na hata sio ghali: weka kitu katikati cha kupunguza mwendo. Mimi napenda globu ya breki, ile ya volti 12 wati 21, unaifunga kati ya betri na kapasita upande wa positivu, inawaka, inafifia pole pole, inazima, na hapo unaona kwa macho kapasita inavyojaa. Globu pia inakuongelesha. Ikiwaka na isififie, toa waya mara moja, ama umegeuza positivu na negativu ama kapasita imeshoti ndani. Ikizima usikimbilie kuitoa, chukua mita upime volti kwenye miguu ya globu yenyewe, ikiwa chini ya nusu volti sasa unaweza kufunga waya ile nene.

Ukikosa globu tumia rezista, yaani kifaa cha kubana mwendo wa umeme, hupimwa kwa omu, lakini si yoyote. Wengi wanachomoa zile ndogo za robo wati kwa bodi ya redio ya zamani, inatoa moshi kabla hujasema kitu. Chukua ya omu 33, wati 10, zile nyeupe za simiti. Fanya hesabu na mimi: volti 12 gawanya kwa 33 ni kama ampea 0.36, na hapo mwanzo rezista inabeba wati 4 na kitu, kwa hivyo ya wati 10 inatulia. Muda nao ni omu mara faradi, 33 mara 1, sekunde 33, na baada ya hizo kapasita itakuwa imefika asilimia 63 hivi. Hesabu hizo sekunde mara tano ndio useme imejaa, kama dakika tatu kasoro kidogo. Na kuna kitu kilinishangaza sana nilipokielewa: joto linalotokea kwa rezista ni sawa na nguvu inayoingia kwa kapasita, iwe rezista kubwa ama ndogo. Nusu ya faradi mara volti mara volti, hapa ni jouli 72, na jouli zingine 72 zinaenda joto. Ukiweka omu ndogo joto ni lile lile, ila linakuja kwa haraka.

Sasa kuna hizi supakapasita, yaani kapasita za faradi nyingi sana, wasee wanafunga sita kwa laini (series, positivu ya moja kwa negativu ya nyingine), kila moja faradi 500 na volti 2.7. Zikiwa sita kwa laini unabaki na faradi 83 hivi na rezista yetu ya omu 33 itakuweka karibu masaa manne, nani ako na hiyo subira. Hapo tafuta moduli ya kushusha volti iliyo na skrubu mbili, moja ya volti na moja ya ampea, kama ile ya XL4015, uilishe na chaja ya laptopu ya volti 19. Weka volti 14 kwanza bila kufunga kitu, halafu shika ampea kwa 1, guso la kidole likikuambia moduli haichemki unaweza kupanda hadi 3, na kwa ampea 3 utamaliza kwa dakika sita na nusu hivi. Kati ya moduli na kapasita weka daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) kama 1N5822, la sivyo ukichomoa chaja kapasita inarudisha moto kinyume na moduli inakufa. Na pima kila kapasita peke yake wakati zinajaa, juu hazilingani kabisa, moja huwa inatangulia na ikipita 2.7 inaharibika hata kama jumla bado ni 14. Bodi ya kusawazisha nunua tu.

Hapa nisikilizeni vizuri. Sakiti ikianza na betri ndogo haimaanishi inabaki ndogo. Raketi ya mbu, hizi tunazo kila nyumba hapa karibu na ziwa, inatumia betri ndogo ndani lakini waya zake zina mamia ya volti ama hata kupita elfu. Flashi ya kamera ya filamu inatoka kwa betri moja ya 1.5 na inajaza kapasita hadi karibu volti 300. Kapasita ya maikrofaradi 120 kwa volti 300 ina jouli 5.4 tu, si hata robo ya ile 72 ya matatu, na bado hiyo ndiyo inaweza kukuumiza moyo. Mtu aliyeanza jana sitaki nimuone na sakiti ya kupandisha volti, mpaka wangu ni volti 50, baada ya hapo tunafanya wawili na mkono mmoja mfukoni.

Ule mstari wa negativu uliochorwa kwa mwili wa kapasita uangalie mara mbili, kapasita iliyogeuzwa inavimba na inaweza kupasuka usoni, vaa miwani.

Kuitoa moto nako, yaani kumaliza chaji iliyobaki ndani, wacha kuishoti na bisibisi. Amplifaya za matanga zinaletwa kwangu Jumatatu, ndani kuna kapasita za maikrofaradi 10,000 zikiwa na volti 50 na mwenyewe anasema alizima tangu Jumapili. Mimi nashika rezista ya omu 1000 wati 5 kwa koleo lenye mpira, nahesabu dakika moja, napima. Halafu nangoja kidogo napima tena, juu kapasita kubwa huwa inarudisha volti kidogo yenyewe hata baada ya kuitoa. Ikisoma sufuri mara mbili nafunga kipande cha waya kati ya miguu yake, na kinakaa hapo mpaka mwenye amplifaya arudi.