Maswali ya Wasomaji: Shule Yamrudisha Mwanangu kwa Mchango

*Assalamu alaikum. Naishi Faza. Mwanangu yuko gredi ya nne, shule ya serikali. Amerudishwa nyumbani mara mbili kwa kuwa sijatoa shilingi 800 za "maendeleo". Naambiwa mkutano wa wazazi ulishapitisha. Nifanyeje?*

Wa alaikum salaam, mzazi wetu. Kumrudisha ni kosa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya lazima na bila malipo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule ya umma kutoza karo. Mchango mwingine unahitaji idhini ya Waziri wa Elimu, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata ukiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipiwa. Mkutano wa wazazi hauchukui nafasi ya Waziri. Ni kweli kwamba mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ni mdogo mno, na walimu wakuu wanahangaika. Lakini pengo hilo si la mtoto kuliziba kwa kukosa masomo.

Usimweke nyumbani kwa hasira: kumpeleka shule ni wajibu wako kisheria, na utajipa kesi wewe. Mpeleke kila siku, na akirudishwa andika tarehe, saa na jina la aliyemrudisha.

Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua, nakala mbili. Taja gredi yake, tarehe hizo, kiasi ulichodaiwa na kifungu cha 29, halafu uombe kuonyeshwa idhini ya Waziri. Nakala yako igongwe muhuri. Wakikataa, nenda tena na shahidi. Malalamiko mengi hufia hapa, maana yalisemwa mlangoni tu na hayakuacha alama. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, na wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika aseme, afisa amwandikie.

Usisubiri siku hizo ziishe mtoto akiwa nje. Siku hiyo hiyo peleka nakala ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usiporidhika na uamuzi wa Bodi, kata rufaa katika Baraza la Rufaa za Elimu. Mahakama Kuu ya Malindi nayo iko wazi: kwa kifungu cha 22 cha Katiba, kufungua kesi ya haki za msingi hakutozwi ada.

Ukiwa ulishalipa chochote, dai risiti rasmi. Kukusanya mchango bila risiti pia kumekatazwa.

*Binti yangu amefeli mtihani, shule yataka arudie darasa. Yaruhusiwa? – Mama, Malindi*

Hapana, mama. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumzuia mwanafunzi katika darasa moja. Omba kwa maandishi apandishwe, na uulize atasaidiwa vipi katika masomo yanayomshinda.