Ina alama ya Kristo, mbona ina tai?

SWALI: Shikamoo mzee wa sarafu. Mimi nasoma Hamburg, juzi nimenunua sarafu ya shaba kwenye soko la vitu vya zamani, euro 20, nzito balaa, nimeiweka kwenye mizani ya jikoni ikasoma gramu 35, na upana ni milimita 35 hivi. Upande mmoja kuna mzee wa ndevu, wa pili kuna ndege, na katikati ya miguu ya ndege kuna X na P zimepandana, ile alama ya Kristo ya kanisani kabisa. Muuzaji kasema ni ya Constantine, yule mfalme wa Kirumi aliyekuwa Mkristo. Upande wa ndege nimeusugua na limau ili nione maandishi. Ni kweli ya Constantine?

JIBU: Marahaba. Ila limau tena jamani! Hayo ma-kijani yaliyotoka ndo ngozi ya sarafu yenyewe, hairudi.

Sio ya Constantine. Zake za shaba zenye alama hiyo ni vijisarafu vya gramu 3 hivi. Muangalie tena huyo mzee, hapo sikioni, kama kuna kitu kimejikunja kama konokono basi ni pembe la kondoo dume na huyo ni Zeus-Ammon, yani Zeus wa Wagiriki kachanganywa na Amun wa Wamisri. Ndege ni tai kasimama juu ya radi, nembo ya akina Ptolemaios, wale Wamakedonia waliotawala Misri wakikaa Alexandria mpaka kwa Cleopatra. Sasa mbele ya tai tafuta pembe lililojaa matunda, ukiliona pamoja na hiyo X na P basi unashika sarafu ya Ptolemaios wa 3, aliyetawala 246 mpaka 222 KK, na Yesu bado miaka 200 na zaidi azaliwe! Ni herufi za Kigiriki tu, khi na rho, alama ya wasimamizi wa kiwanda cha kugonga sarafu. Kanisa limekuja kuzitumia baadae sana.

Maandishi, kama limau limeyabakisha, kushoto ni ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ kulia ΒΑΣΙΛΕΩΣ, "ya mfalme Ptolemaios".

Halafu pitisha kucha katikati, pande zote mbili, utakuta kishimo kidogo, sarafu nyingi za hawa jamaa zinacho. Ila feki zinacho pia, kwa hiyo zungusha ukingoni, ukiona mstari wa kuunganisha kama kwenye kitu cha kumiminwa, hizo euro 20 zimeenda.