Mbavu za kitimoto kwenye eafraya: acheni kuniuliza dakika

Tangu eafraya zianze kupangwa madukani pamoja na birika na pasi, barua zangu zimegeuka kuwa za mbavu. Nimechagua zile zenye faida kwa wengi. Waliouliza "dakika ngapi" na kuishia hapo, bila kusema mbavu zina unene gani wala mashine ina ukubwa gani, nimewaunganisha kwenye jibu la kwanza. Sitalirudia mwezi ujao.

Mbavu za nguruwe zinakaa dakika ngapi kwenye eafraya? (Wasomaji wengi mno)

Mnataka za kutafuna au za kuachia mfupa? Hilo ndilo swali, na hakuna aliyelijibu.

Zilizokatwa mojamoja, ukiziweka nyuzi 180 na kuzigeuza katikati ya safari, dakika 25 hadi 30 zinaiva. Utazila, lakini meno yatafanya kazi. Ukitaka laini, funga kipande kizima kwenye karatasi ya alumini, weka nyuzi 150 kwa saa nzima, kisha fungua, mwaga mchuzi kwenye bakuli (usiutupe!), pandisha hadi 200 na uache dakika sita hadi nane zipate rangi.

Sababu iko kwenye nyama yenyewe. Ubavu umejaa kolajeni, ule utando mgumu unaoshikilia misuli na mifupa. Huanza kulainika joto la ndani linapofika kama nyuzi 70, na unataka kukaa karibu na 90 kwa muda ndipo uyeyuke kweli. Wamarekani walishusha kiwango chao cha usalama kwa nyama nzima ya nguruwe mwaka 2011 hadi nyuzi 63, na kuipumzisha dakika tatu. Ubavu wa nyuzi 63 ni salama kwa hesabu zao, ila utakutoa jasho mezani. Kuiva na kulainika ni mambo mawili.

Na hapa niseme ninalolisema kila mara. Philips walipoonyesha eafraya yao Berlin mwaka 2010, biashara yote ilijengwa juu ya maneno "kukaanga kwa hewa". Mashine ile haikaangi chochote. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Feni inakausha na kubadilisha rangi ya nje haraka sana, ndiyo maana mnafungua droo dakika ya 15, mnaona wekundu wa kupendeza, mnapiga picha, halafu mnaniandikia kwamba nyama ni ngumu. Feni haiharakishi kolajeni. Muda ni uleule.

Mama mkwe anachemsha mbavu kwanza na tangawizi. Mimi nasema ladha inaishia kwenye maji. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa kike, Mbezi)

Mama, kwa sehemu kubwa.

Kama unanunua nguruwe wa kienyeji aliyezeeka akizurura, huna njia nyingine. Chemsha. Kama ni nguruwe wa kizungu aliyefugwa bandani na kuchinjwa akiwa na miezi sita au saba, kufunga kwenye alumini kunatosha. Tatizo ni namna watu wanavyochemsha: maji hadi shingoni mwa sufuria, moto wa kuogofya, saa nzima, kisha maji yanamwagwa kwenye sinki. Hapo wewe una haki ya kulalamika, ladha imeondoka na maji.

Fanya kama tunavyofanya kitimoto kavu tangu zamani. Maji kikombe kimoja tu, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, funika, moto mdogo, dakika 30 hivi. Maji yakaribie kukauka na mafuta yaanze kujitokeza. Kile kinachobaki chini ya sufuria kipake kwenye mbavu hizohizo. Halafu eafraya, nyuzi 200, dakika kumi. Ukiiacha sufuriani mpaka nyama inachomoka kwenye mfupa, usiiingize tena kwenye mashine, utakausha nyuzi tupu. Ile ishakuwa rosti. Kula rosti.

Msimwambie mkwe kwamba nimesema "kwa sehemu kubwa".

Eafraya inatoa moshi mweupe nikiweka mbavu. Imeharibika? (Arusha)

Haijaharibika. Mafuta yanadondoka chini ya kapu, yanapata joto, yanafuka. Weka vijiko vitatu vinne vya maji kwenye droo, chini ya kapu, kabla ya kuwasha, na uyamwage mafuta katikati ya mapishi. Moshi wa bluu au mweusi wenye harufu ya plastiki ni habari nyingine: chomoa waya ukutani.

Kisha nikuulize: lini mara ya mwisho uligeuza mashine juu chini, ikiwa imepoa, ukatazama ile koili ya moto? Wengi mnaosha kapu tu. Mafuta ya mwezi uliopita yamekaa pale juu yanawasubiri.

Nilipaka asali na sosi ya nyanya tangu mwanzo. Zimetoka nyeusi na chungu. (Dodoma)

Ulitegemea nini? Sukari inaungua. Asali inawahi hata kuliko sukari ya kawaida. Mwanzoni paka chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, ikiwezekana usiku wa kuamkia siku ya kupika. Kitamu kinakuja dakika tano za mwisho.

Na mkiacha kununua sosi za chupa mtanifurahisha. Loweka ukwaju, chuja, ongeza asali kijiko kimoja au viwili, pilipili mbuzi iliyopondwa na ule mchuzi uliotoka kwenye alumini. Chemsha mpaka uwe mzito. Mafuta ya nguruwe yanahitaji kitu kichachu cha kuyakata, na ukwaju unafanya kazi hiyo kuliko nyanya ya kopo.

Ule utando mweupe upande wa ndani wa mbavu unatolewa? (Moshi)

Ndiyo. Ingiza ncha ya kijiko, shika kwa kitambaa kikavu, vuta. Na ukiwa buchani mzuie yule bwana asikate mbavu kwa shoka juu ya gogo. Vipande vya mfupa vinavunja meno. Kisu kipite kati ya mfupa na mfupa.

Ni kweli ndimu nyingi na pombe kali vinaua minyoo ya nguruwe, hata nyama isipoiva sana? (Mbeya)

Si kweli. Na kwa kuwa unaandika kutoka Mbeya, nitakujibu kwa kirefu.

Mnyoo tunaouzungumzia ni tegu wa nguruwe, *Taenia solium*. Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo ambako watafiti wamemkuta mara nyingi, kwa sababu nguruwe wengi huko bado wanazurura na vyoo si vya kila kaya. Kwenye nyama anakaa kama malengelenge madogo meupe yenye maji, ndani kabisa ya msuli. Ndimu inageuza rangi ya juu ya nyama, haifiki huko. Pombe unayokunywa inaishia kukulewesha wewe, mnyoo hana habari. Kinachomuua ni joto lililofika katikati. Mimi nyumbani sishuki chini ya nyuzi 71, na kwa mbavu ninavuka sana kwa sababu ya ulaini niliouzungumzia.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu hawaijui. Ukila malengelenge hayo mabichi unapata tegu tumboni. Kero, lakini ana dawa. Balaa kubwa linaanzia kwenye mayai yake, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mikono isiyonawiwa, kabichi iliyooshwa kwa maji machafu, na mayai hayo yanaingia kinywani mwa mtu mwingine, yanapenya hadi kwenye ubongo, yanaleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako mnyoo huyu amezoeleka, asilimia kama 30 ya kifafa inatokana naye. Anayeugua anaweza kuwa hajawahi kuonja nguruwe maishani. Kwa hiyo wanaosema "mimi sili, hainihusu" wamekosea, na wanaomsingizia mgonjwa wa kifafa kuwa amerogwa wamekosea zaidi.

Hivyo, nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Kama kipande chako hakina muhuri, omba kuonyeshwa mzoga kilikotoka. Muuzaji akikasirika, hama bucha. Na kachumbari ya kushushia kitimoto ioshwe kwa maji safi, na ikatwe kwa kisu ambacho hakijagusa nyama mbichi. Nimekaa kwenye sehemu za nguruwe Dar na Kampala, zenye majiko mazuri ajabu, nikaona ubao mmoja unakata nyama mbichi na nyanya kwa zamu. Mate yalinikauka.

Nimepika hadi nyama inaachia, lakini karibu na mfupa bado ni nyekundu. Nirudishe? (Nairobi)

Rangi haisemi kitu. Nguruwe akiwa mdogo, rangi ya uboho hupenya kwenye mfupa na kupaka nyama ya jirani, hata ikiwa imeiva kabisa. Nunua kipimajoto cha nyama. Ni bei ndogo kuliko hizo mbavu ulizozichoma mara mbili. Ncha isiguse mfupa, itakudanganya.

Kuna homa ya nguruwe wilayani kwetu. Nikila nitaugua? (Msomaji ambaye hakutaja mahali, na ninaelewa kwa nini)

Wewe hutaugua. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haimpati binadamu. Kwa nguruwe ni kifo, na virusi vyake vinadumu muda mrefu kwenye nyama ambayo haikuiva.

Hukuuliza, lakini nitasema. Homa ikiingia, bei inaporomoka ghafla na watu wanachinja usiku kuwahi hasara. Hiyo nyama ya bei ya kutupa iliyokatiza karantini ndiyo inayobeba ugonjwa hadi kijiji cha pili. Usiinunue. Na mifupa na makombo ya mezani usimpe nguruwe yeyote, wako wala wa jirani. Mfugaji anaweza kupoteza banda zima kwa ndoo moja ya makombo.

Jirani yangu Muislamu ameniazima eafraya yake nipikie sherehe. Nikipika mbavu kisha nikaiosha vizuri sana, kuna tatizo? (Tabata)

Kuna tatizo kubwa, nawe unalijua, ndiyo maana umeandika "vizuri sana". Usithubutu. Pika kuku, au mwambie ukweli kabla uone atasemaje. Amekuamini na chombo cha jikoni kwake.

Mume wangu anasema mashine hii itatumalizia umeme. (Mwanza)

Mpigie hesabu. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 70 bila kupumzika inakula uniti 1.75. Kwa shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 620, na kwa kuwa koili huwaka na kuzima, hazifiki hizo. Mkaa wa kulainisha mbavu kwa saa nzima si wa bure pia. Walio kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi ndio waiangalie mita yao kila wiki, maana wakivuka wanahamishwa bei. Kama mume hajaridhika, muulize pasi yake ya kila asubuhi ni wati ngapi.

Eafraya yangu ni lita 2.5, tuko sita nyumbani, nina kilo mbili za mbavu. Nizipangeje? (Morogoro)

Hazipangiki. Zikilaliana, hewa haipiti na zitachemka kwa mvuke. Zilainishe zote kwenye sufuria kwa njia ya mama mkwe hapo juu, kisha zipitishe kwenye mashine kwa awamu tatu au nne, za dakika kumi kumi. Awamu ya kwanza itapoa kidogo, ndiyo, irudishe dakika mbili mwishoni.

Naweza kuweka zikiwa bado barafu?

Hapana. Toa usiku, weka chini kwenye friji.

Na karatasi ya alumini tupu kabla ya kuweka nyama, ili mashine ipate joto?

Hapana! Feni itaipeperusha hadi kwenye koili.