Julai ya ukweni: maswali yenu na majibu ya shangazi

Ukiingia mwezi wa Mei maswali hubadilika. Wapangaji waliogombana na wenye nyumba hunyamaza kidogo, wakaanza wa ughaibuni: tiketi zimekatwa, mume na mke wanakuja likizo, na sasa panazuka la nani afikie kwa nani. Nitangulize jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Huko mnaiita likizo ya kiangazi, lakini huku mnakuja kipupwe. Lushoto, Njombe na migombani Kilimanjaro mwezi wa Julai si pa kuvaa mikono mifupi. Leteni sweta.

Shikamoo shangazi. Mimi ni wa Tanga, mume wangu wa Rombo, tunaishi Hamburg. Tuna wiki tatu tu, na kashapanga zote tukae kwao. Kwetu eti "tutapitia" siku mbili tukielekea kupanda ndege. Nikisema neno naonekana siwapendi wakwe zangu. — Mtoto wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Umemuuliza mtu asiyeweza kuwa hakimu wa haki, maana mimi nami ni wa Tanga niliyeolewa Uchagani.

Mara yangu ya kwanza nilikaa siku ishirini na mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa kisu na beseni la ndizi mbichi za mtori. Sisi wa pwani ndizi tunaijua ikiwa imeiva, au mzuzu wa nazi. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kumenya unapaka mafuta mikononi. Nilimenya beseni zima mikono mikavu. Utomvu ukaniganda, vidole vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha, na weusi ule haukutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Mama mkwe alinitazama, hakusema kitu. Akanitoa kisu mkononi polepole, akanisogezea kikombe chenye mafuta ya kula, akakaa kigoda cha pili tukamenya pamoja. Tulianza kupatana siku ile, na hiyo ilikuwa siku ya kumi.

Kwa hiyo siku mbili kwa wakwe ni kidogo, huwahi hata kuharibu kitu mkacheka. Lakini wiki tatu ni nyingi kwa nyumba yoyote, hata ya mama aliyekuzaa. Na siku mbili kwenu Tanga ni matusi, nisikufiche.

Fanyeni hivi. Kateni tiketi ya kushukia uwanja wa Kilimanjaro na kuondokea Dar. Rombo siku tisa au kumi. Halafu mnashuka na barabara: Himo, Same, Mombo, Korogwe, mpaka Segera. Kutoka Segera Tanga mjini ni kilomita sabini na kitu tu, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa kwenu ni mbali na njia. Tanga wiki nzima. Zilizobaki ni zenu wawili, na msiwaambie watu mko wapi.

Kubwa zaidi ni nani atakayelisema. Wewe usiseme. Aseme mumeo, kwa simu, mwezi mmoja kabla, na kwa mama yake aseme "tumepanga." Akitamka tu "mke wangu anataka," wewe umeshafika Rombo na kesi kabla hujapanda ndege. Mwenye kwao ndiye anayebeba maneno ya kwao. Na mshukuru Mungu mnakwenda Julai. Desemba Wachaga wote wako nyumbani, ukoo mzima unataka kukuona, na hapo hesabu ya siku si yenu tena.

Nimeoa binti wa Siaya, mimi ni wa Machakos. Agosti iliyopita tulipofika kwao nilipelekwa kulala kwa jirani, mke wangu akabaki kwa mama yake. Je, walinikataa? Mwaka huu niende tena? — Mkwe wa mbali, Nairobi

Hawakukukataa, walikuheshimu, ila hakuna aliyekufungulia maana. Wajaluo wengi wanashika kwamba mkwe halali chini ya paa la wakwe zake, na yeye na mama mkwe hawazoeani kama mtu na jirani yake. Wala si wao peke yao. Wanyakyusa wa zamani, bibi harusi alikuwa hata macho hayakutanishi na baba mkwe. Akimwona njiani anajificha. Ukambani nako hamkosi yenu, muulize baba yako.

Mwenye kosa ni mkeo, nasema kwa upole. Alijua, akakuacha ukabeba begi lako gizani kama mwanafunzi aliyefukuzwa bweni. Mwaka huu akwambie mapema: utalala wapi, utaketi wapi, mama akiingia unafanya nini. Mnaweza kuchukua chumba Siaya mjini au Kisumu na kwenda nyumbani mchana. Nyumba nyingine wataona ni nafuu kwa wote, nyingine watanuna. Mkeo aulize, wewe usiulize. Na kama ng'ombe wa mahari bado hawajaisha, usishangae mambo yakiwa rasmi zaidi ya unavyopenda.

Tunatoka Columbus, Ohio. Mume wangu ana ndugu tisa na wote wana watoto. Zawadi tununue nini ili tusifilisike? — Mama pacha

Msiwanunulie watoto wote nguo. Saizi zitagoma, na watakaokosa watakumbuka mpaka harusi zao. Anzeni na wazee, kila mmoja kitu chake kinachotumika: sweta nzito, miwani ya kusomea, tochi ya kuchaji, kipima presha cha mkononi. Kitu ambacho bibi atakishika kila siku kinakutaja kila siku. Watoto wapate cha kuchezea wote kwa pamoja, mpira wa maana na pampu yake. Kanga na vitenge nunueni huku huku, msije mkalipia uzito wa sanduku kwa kitu kinachouzwa Kariakoo.

Na mkifunga mizigo, mifuko ya plastiki ya dukani ibaki Ohio. Tanzania imeikataza tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Vile vifuko vya zipu vya kuwekea vipodozi havina shida, mradi unaondoka navyo. Nimemwona dada mmoja uwanja wa ndege akitoa mfuko mmoja mmoja uliofungia kiatu kimoja kimoja, jozi kumi na nne, foleni yote nyuma yake ikihesabu naye.

Mume wangu anasema yeye ni mzaliwa wa Muheza, malaria haimwezi, na watoto wetu "wana damu yake." Tuko Birmingham mwaka wa kumi na moja. — Mke mwenye wasiwasi

Damu hairithishi hilo. Kinga ya malaria mtu huipata kwa kuumwa na mbu mara kwa mara, na ukikaa miaka bila kuumwa inapungua. Mumeo leo ni mgeni kama nyie, na watoto hawajawahi kuwa nayo kabisa. Nendeni kwa daktari kabla ya safari mpewe dawa za kujikinga, mzimeze mpaka siku ya mwisho waliyowaandikia hata baada ya kurudi, na mlale kwenye chandarua. Mkirudi Birmingham mtu akipata homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa: tulikuwa Tanga. Hili silijadili na mume.

Tunaishi Muscat. Wakwe zangu ni wa Makunduchi, mume anataka tuwepo Julai kwenye Mwaka Kogwa. Mimi sijawahi kufika. Nijitayarishe vipi? — Mgeni wa kusini

Nenda, na uikimbie Muscat, joto la huko Julai nalijua. Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jadi wa Kishirazi. Wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba, na nyimbo zenyewe hazina haya, usijifanye hukusikia. Chukua nguo zako nzuri kuliko zote, maana wenyeji watakuwa nazo. Raha kubwa kwako ni kwamba siku hizo nyumba isiyokuwa na mgeni inahesabiwa imekosa kheri. Hutakuwa mzigo kwa mtu. Mawifi watakugombania.

Mke wangu ni Mholanzi. Agosti nampeleka Bukoba mara ya kwanza. Mama ameshaniambia kwa simu kuwa mkwe "aje na magoti yake." Mke wangu amesema hampigii mtu magoti. Nimekwama katikati. — Omuhaya wa Utrecht

Hapo katikati ndipo mahali pako, usipakimbie.

Mke wako amesikia "kupiga magoti" akaona kanisa au utumwa. Hajaelezwa kwamba kule mama yako mwenyewe, na miaka yake yote, bado anateremka chini akikutana na wakubwa wake, na kwamba ni salamu tu, inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Mweleze hivyo, usimbembeleze wala usimtishe. Mpe video ya shangazi zako wakisalimiana. Halafu mwache aamue mwenyewe. Mimi nimeona wageni waliosema hawapigi magoti, wakafika, wakamkuta bibi wa miaka themanini anainama kuwapokea wao, wakajikuta wako chini bila kuambiwa.

Asipoamua hivyo, yapo mengine: ainame kidogo, atoe mkono wa kulia akiushika kwa wa kushoto, aseme shikamoo kwa sauti inayosikika. Mama atakubali kama wewe umemwandaa. Mwambie kabla: "Mama, huyu anakuja na adabu ya kwao, ya kwetu anajifunza." Na usisahau kwamba ulipofika Utrecht mama mkwe alikubusu mashavuni mara tatu mbele ya watu, nawe mtoto wa Kihaya ulisimama ukavumilia.

Sasa la pili, ambalo hukuuliza lakini nalijua litakuja. Mama atazungumza dakika kumi, ataeleza ukoo, atalia kidogo, atacheka. Mkeo atakugeukia, nawe utasema: "Anasema karibu." Usifanye hivyo! Mtafsirie yote, hata utani, hata yale ya kwamba ni mwembamba na ale. Mke asiyeelewa kinachosemwa huhisi anasemwa yeye, na usiku chumbani utahojiwa wewe. Akiletewa buni za kutafuna azipokee kwa mikono miwili, achukue mbili tatu, azitafune taratibu. Akishiba asisukume sahani mbele. Aache kidogo, ashukuru, na wewe ndiye useme kashiba.

Kila tunapoaga kwao, mume wangu anapeana noti mkononi kwa siri. Tukirudi Doha tunakula maharage miezi miwili. Nifanye nini? — Nimechoka na maharage

Maharage si mabaya, lakini nimekuelewa. Kabla ya safari kaeni mezani, tengeni fungu la kugawa kwa pande zote mbili, mliweke kwenye bahasha tofauti na nauli. Watu watasema pande zigawiwe sawasawa, mimi sikubaliani. Kama kwao kuna mgonjwa na kwenu hakuna, kwao papate zaidi, ilimradi nyote wawili mnajua ni kiasi gani. Kinachokuumiza ni siri kuliko noti. Kwao atoe yeye, kwenu utoe wewe, na bahasha ikiisha, mwenye kwao ndiye anayesema imeisha. Asikutume wewe kusema.

Mama mkwe hunifungia vyakula vya kurudi navyo Ufaransa. Mwaka jana forodha walinyang'anya karibu vyote. Kipi kinapita? — Mpenda vya nyumbani, Lyon

Nyama na maziwa ya namna yoyote, hata ya kukausha, hata samli, Umoja wa Ulaya hawataki kutoka kwetu. Samaki wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa wako salama, ila wafunge mara tatu kwa ajili ya abiria wenzako. Kahawa ya kukaanga haina neno. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, tende, ndizi na duriani. Umeona ndizi imo! Mama mkwe akikufungia kichane, chukua kwa moyo mweupe. Embe ndilo halimo. La mama usilikatae, lipokee, mshukuru, halafu mlile wewe na mumeo nje ya uwanja wa ndege kabla ya kuingia, juisi ikiwachuruzika mpaka kwenye viwiko.