Maswali ya Wasomaji: Je, Timu za Ligi Ndogo Zinastahili Kuugombea Ubingwa?

SWALI: Ndugu Mhariri wa Michezo, salamu nyingi kutoka Harrisonburg, jimbo la Virginia. Sisi ni familia ya Wakongo tuliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, na binti yetu wa pili sasa anasoma James Madison, chuo cha mji huu huu. Desemba 2025 timu ya chuo hicho iliingia katika mchujo wa timu 12 zinazowania ubingwa wa taifa wa mpira wa Kimarekani, na nyumba yetu yote ilivaa zambarau. Tulifungwa na Oregon 51 kwa 34. Siku hiyo hiyo Tulane nao walifungwa na Ole Miss 41 kwa 10. Tangu hapo wenzangu kazini wananiambia kwamba timu za ligi ndogo hazikustahili kuwepo, kwamba zilichukua nafasi ya Notre Dame, timu yenye jina kubwa iliyoachwa nje, na kwamba kanuni ibadilishwe zisirudi tena. Mimi mpira huu nimeukuta ukubwani na sina hoja za kuwajibu. Je, wanasema kweli? – Baba wa watoto wanne, Harrisonburg.

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wana hoja moja ya kweli ambayo nitaifikia, lakini katika jambo kuu wamekosea. Timu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake inastahili kuugombea ubingwa wa daraja inalochezea, na kufungwa siku ya mchujo hakuiondolei stahili hiyo.

Kwa ajili ya wasomaji wasioufuatilia mchezo huu, nieleze kidogo. Vyuo vinavyocheza daraja la juu kabisa ni zaidi ya 130, navyo vimejigawa katika makundi ambayo kila moja huendesha ligi yake. Ligi nne ndizo zenye fedha nono za televisheni na majina makubwa: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. Nyingine, ikiwemo Sun Belt ya James Madison na American ya Tulane, huitwa ndogo ingawa kwa mujibu wa kanuni ziko daraja lile lile. Katika misimu ya 2024 na 2025, mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi na kamati ya uteuzi waliingia katika mchujo moja kwa moja, na nafasi saba zilizobaki zilijazwa na kamati kwa kufuata orodha yake ya ubora. Kanuni hiyo haikutaja ukubwa wala udogo wa ligi. Duke ilipotwaa ubingwa wa ACC mwaka 2025 ikiwa imefungwa mechi tano, kamati iliwapanga Tulane na James Madison mbele yake, nao wakapita. Wala Tulane hawakuhitaji huruma ya mtu katika jambo hilo, kwa sababu Septemba ya msimu huo huo walikutana na Duke uwanjani na kuifunga 34 kwa 27.

Sasa tuyatazame hayo matokeo ambayo wenzako wanayatumia kama ushahidi. Oregon iliyowafunga ninyi ilikwenda robo fainali ikakutana na Texas Tech, bingwa wa Big 12, moja ya ligi nne kubwa, ikaifunga 23 kwa 0. Ninyi mlipata pointi 34 mbele ya Oregon hiyo hiyo, ilhali bingwa wa ligi kubwa hakupata hata moja. Siku hiyo hiyo ya Mwaka Mpya, Alabama ya SEC ilifungwa na Indiana 38 kwa 3, na baadaye Oregon wenyewe wakafungwa na Indiana 56 kwa 22 katika nusu fainali. Waulize wenzako kama wamesikia mtu akidai kwamba kwa sababu ya matokeo hayo bingwa wa Big 12 afungiwe mlango miaka ijayo. Timu kubwa ikifungwa vibaya husemwa kwamba imeamka vibaya siku hiyo; timu ndogo ikifungwa vibaya, husemwa kwamba ligi yake yote haifai. Vipimo viwili kwa kosa moja si haki.

Kuhusu Notre Dame, siwezi kukubali kwamba ilinyang'anywa kitu. Chuo hicho kimechagua chenyewe kutojiunga na ligi yoyote katika mpira wa Kimarekani, kwa hiyo hakina ubingwa wa ligi wa kuushindania, na hadi msimu wa 2025 kilitegemea kura ya kamati. Msimu huo kilipata nafasi zake uwanjani dhidi ya Miami na dhidi ya Texas A&M, na zote mbili kilifungwa, moja kwa tofauti ya pointi tatu na nyingine kwa pointi moja. Inauma, naelewa, lakini aliyenyimwa nafasi hafanani na aliyeipata ikamponyoka.

Na walionyimwa nafasi wapo, tena kwa miaka mingi. Nikuoneshe tukio moja. Tarehe 1 Januari 2007, pale Glendale, Arizona, Boise State ya jimbo la Idaho ilikuwa haijafungwa msimu mzima, nayo ilipewa mechi dhidi ya Oklahoma ambayo haikuwa ya ubingwa. Wakamaliza muda wa kawaida wakiwa sare, na katika muda wa nyongeza Oklahoma wakatangulia kwa pointi saba. Boise wakafunga wakabakiza pointi moja tu, na hapo kocha Chris Petersen angeweza kupiga teke la kusawazisha. Hakutaka. Aliamua kutafuta pointi mbili, ambazo hupatikana kwa kuuingiza mpira tena katika eneo la mwisho la uwanja, na kuumaliza mchezo hapo hapo. Jared Zabransky, mrusha mpira wa Boise, akarudi nyuma, akainua mkono wa kulia kama anayerusha mpira kwa wachezaji waliokuwa upande wa kulia, na walinzi wa Oklahoma wakauelekea mkono huo. Mpira haukuwepo mkononi humo. Ulikuwa katika mkono wa kushoto, umefichwa nyuma ya kiuno, na mwenzake Ian Johnson akaupokea pale kimya kimya akakimbilia kushoto mpaka ndani bila kuguswa na mtu. Boise 43, Oklahoma 42. Msimu ulipokwisha, Boise ndiyo ilikuwa timu pekee ya daraja la juu ambayo haikufungwa na yeyote, na katika orodha ya mwisho ya waandishi wa habari wakapewa nafasi ya tano. Wameshinda kila mechi waliyopangiwa, kisha wakaambiwa kuna timu nne zilizo bora kuliko wao. Mimi nimeitazama mechi hiyo mara nyingi, na kila mara hukasirika pale inapofika orodha.

Miaka kumi na moja baadaye ikawa zamu ya UCF ya Orlando. Walishinda mechi zote 13 za msimu wa 2017, ya mwisho wakiifunga Auburn 34 kwa 27. Auburn hiyo ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia mwezi Novemba, na Alabama na Georgia ndizo zilizocheza fainali. Kamati ilikuwa imeipanga UCF nafasi ya 12 wakati nafasi za mchujo zilikuwa nne tu. Cincinnati pekee ndiyo iliyowahi kupenya kutoka ligi ndogo katika miaka kumi ya mchujo wa timu nne, msimu wa 2021, nayo ilibidi imalize bila kufungwa hata mara moja na iifunge Notre Dame kwao ndipo iaminiwe.

Nimeahidi kuifikia hoja ya kweli ya wenzako. Pengo lipo na linapanuka. Timu kubwa ina akiba ambaye angekuwa nyota katika timu ndogo, na katika mchezo wenye kugongana namna hii, akiba ndiye anayeamua robo ya mwisho. Siku hizi mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na analipwa, kwa hiyo timu ndogo ikimlea kijana mpaka akaiva, mwenye fedha huja kumvuna. Kocha wenu wa wakati ule, Bob Chesney, na Jon Sumrall wa Tulane waliingia katika mchujo ule wakiwa tayari wameajiriwa kwingine, mmoja UCLA na mwingine Florida, wakabaki kuzikamilisha mechi zilizobaki. Kwa sababu ya pengo hilo naona ilikuwa sahihi kufuta ile kanuni ya 2024 iliyowapa mabingwa nafasi nne za juu na kuwaruhusu kuruka raundi ya kwanza. Boise State waliruka raundi hiyo wakiwa wamepangwa wa tatu, kisha wakafungwa na Penn State 31 kwa 14. Bingwa mdogo apite mlangoni, halafu apangwe kwa ubora wake kama wengine.

Lakini kabla hujauacha mjadala huo kazini, waambie wenzako jambo moja. Indiana, iliyotwaa ubingwa tarehe 19 Januari 2026 kwa kuifunga Miami 27 kwa 21, inafundishwa na Curt Cignetti. Hadi mwishoni mwa mwaka 2023, Cignetti alikuwa kocha wa James Madison, hapo hapo mjini kwenu, na alipohama alifuatwa na wachezaji zaidi ya kumi. Aliyezuia teke la Miami usiku wa fainali, Mikail Kamara, alitoka kwenu. D'Angelo Ponds, Aiden Fisher na Elijah Sarratt nao walitoka kwenu. Chuo hicho hicho kinachoambiwa hakina kiwango cha kuugombea ubingwa ndicho kilicholea kocha na nguzo kadhaa za timu bingwa.

SWALI: Kama timu hizi ni nzuri kweli, kwa nini hazijipangii mechi nyingi na timu kubwa ili zithibitishe? Hapa nyumbani tumezoea kwamba anayetaka heshima huifuata. – Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Zinaifuata, ndugu, ila mlango hufunguliwa na mwenye nyumba. Mechi za nje ya ligi hupangwa miaka mingi kabla, na timu kubwa hupenda kuicheza timu ndogo nyumbani kwake tu, mara moja, bila safari ya marudiano. Timu ndogo hulipwa kwa kukubali kusafiri, mara nyingine zaidi ya dola milioni moja, na kwa vyuo hivyo fedha hiyo ni sehemu muhimu ya bajeti ya mwaka. Mwenyeji anatarajia ushindi rahisi. Timu ndogo inayojulikana kuwa hatari haialikwi, kwa sababu hakuna kocha wa timu kubwa anayepata faida kwa kuicheza: akiifunga husemwa ni kawaida, akifungwa anahatarisha kazi yake.

Tazama Jumamosi moja tu, tarehe 7 Septemba 2024. Northern Illinois, timu ya ligi ndogo, ilikwenda kwa Notre Dame ikashinda 16 kwa 14, na jaribio la mwisho la Notre Dame kufunga kwa teke likazuiwa. Siku hiyo hiyo Boise State ilikuwa Oregon, ikafungwa 37 kwa 34 kwa teke la sekunde ya mwisho. Notre Dame walisamehewa kufungwa kwao, wakaingia katika mchujo na kufika hadi fainali. Mimi sina neno na hilo, maana timu hukua ndani ya msimu. Ila jiulize timu ya ligi ndogo iliyofungwa nyumbani Septemba na timu isiyotajwa na mtu ingesamehewa na nani. Sisi tuliokuwepo Oktoba 2021, Jwaneng Galaxy wa Botswana walipokuja Dar es Salaam wakiwa nyuma kwa mabao mawili na kuitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika, tunajua kwamba matokeo kama hayo hutokea kwa sababu kanuni ilimruhusu mgeni kufika.

SWALI: Je, haingekuwa heri timu za ligi ndogo zikawa na mashindano yao zenyewe, zikashindana na wenzao wa kiasi chao na kutwaa kombe lao? – Mwalimu wa michezo, Mombasa.

JIBU: Mwalimu, mashindano ya namna hiyo tayari yapo katika daraja la pili, na ni mazuri sana. James Madison hao hao waliyashinda mara mbili, 2004 na 2016. Kisha mwaka 2022 wakapanda daraja. Walikubali gharama zake zote na hata kanuni ya kipindi cha mpito iliyowanyima haki ya kugombea ubingwa wa ligi yao mpya, ingawa mwaka 2023 walishinda mechi 11 kati ya 12 za msimu wa kawaida. Hakuna chuo kinachofanya hivyo ili kupewa tena kombe la pembeni. Ukiwatengea mashindano yao, utakuwa umewashusha daraja huku ukiendelea kuwatoza gharama za daraja la juu. Ikiwa wenye ligi kubwa wanataka kujitenga na kugawana kombe wao kwa wao, wajitenge waziwazi na kombe hilo waliite la ligi zao. Maadamu linaitwa la taifa, bingwa wa Sun Belt ana haki ya kuliomba.